Linux na sanduku la nyimbo: Historia ya ufunguo uliogombaniwa

Tarehe 23 Aprili mwaka 2017, kampuni ya Technicolor, ambayo hapo zamani ilijulikana kwa jina la Thomson, ilisitisha mpango wa kutoza ada za leseni kwa matumizi ya MP3, muundo wa kuhifadhi sauti uliokuwa umebeba nyimbo za watu duniani kote kwa zaidi ya miaka ishirini. Wiki chache baadaye magazeti na tovuti kadhaa zilitangaza kuwa MP3 imekufa. Tanzia hiyo haikuwa na maiti. Kilichofikia mwisho ni hataza, yaani haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini kwa muda wa miaka maalumu. MP3 haikufa, bali ilipata uhuru wake.

Miongoni mwa waliolielewa jambo hilo upesi ni watumiaji wa Linux, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta uliojengwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Kwa muda mrefu watu hao walikuwa wameishi katika hali ya ajabu. Nyimbo zilikuwa zao, wamezinunua kwa fedha zao. Kompyuta ilikuwa yao. Hata mfumo ulioiendesha kompyuta hiyo ulikuwa wao. Lakini ufunguo wa kulifungulia sanduku lenye nyimbo ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Historia yao ni historia ya swali moja: je, mtu anaponunua wimbo, anamiliki kitu gani hasa?

Chombo na mashine yake

Swali hilo ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1928 mwimbaji maarufu wa taarabu wa Unguja, Siti binti Saad, alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Santuri zake ziliuzwa katika miji ya pwani, lakini mwenye santuri asiyekuwa na gramafoni alikuwa na kisahani kizuri tu cha kutazama. Sauti ilikuwa ndani, na hakuwa na njia ya kuitoa.

Kanda za kaseti, zilizoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, zilibadilisha mambo. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kunakili muziki mwenyewe nyumbani, akaandika majina ya nyimbo kwa kalamu, akafunga mzigo wake na kusafiri nao. Kwa Waswahili waliohamia Muscat, Dubai, London au Toronto, kanda zilikuwa sehemu ya nyumbani iliyoweza kubebwa. Lakini kanda huchakaa. Utepe hunyooka, hukatika, na joto huuharibu. Ndiyo maana santuri ndogo za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, na baadaye kompyuta, zilipokelewa kama wokovu: sauti ikishageuzwa kuwa tarakimu, nakala ya mia moja hailegei kuliko ile ya kwanza.

Tatizo lilikuwa ukubwa. CD huipima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, na dakika moja ya muziki huchukua takriban megabaiti 10. Wimbo wa dakika nne ulihitaji megabaiti 40. Kwa aliyetumia intaneti ya simu ya kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, kuupokea wimbo huo mmoja kungechukua zaidi ya saa moja na nusu.

Ugunduzi wa Erlangen

Ufumbuzi ulipatikana nchini Ujerumani. Mwaka 1987 Taasisi ya Fraunhofer katika mji wa Erlangen ilijiunga na mradi wa Ulaya wa kutafuta namna ya kuibana sauti. Mmoja wa watafiti wakuu alikuwa Karlheinz Brandenburg. Kazi yao ilijengwa juu ya udhaifu wa sikio la binadamu. Ngoma inapopigwa kwa nguvu, mnong'ono ulio karibu yake hausikiki. Ikiwa hausikiki, kwa nini uhifadhiwe? Programu yao ilichambua kila kipande cha sauti, ikatupa kile ambacho sikio lisingekikosa, na kubakiza kilichosalia katika nafasi ndogo.

Brandenburg alitumia wimbo wa mwimbaji wa Kimarekani Suzanne Vega, uitwao Tom's Diner, kuipima kazi hiyo. Katika wimbo huo mwimbaji yuko peke yake bila ala yoyote, na sauti tupu ya binadamu haina mahali pa kuficha dosari. Majaribio ya mwanzo yaliiharibu vibaya sauti hiyo, na watafiti waliirudia kazi yao hadi ikasikika sawasawa. Julai mwaka 1995 taasisi hiyo iliamua kwamba mafaili ya muundo huo yaitwe mp3. Wimbo uliokuwa megabaiti 40 sasa ulitosha katika megabaiti 4.

Fraunhofer na washirika wake walikuwa wamejipatia hataza za ugunduzi huo katika nchi mbalimbali. Jambo hilo halikuwa la ajabu: utafiti wa miaka mingi una gharama, na ada za leseni zilirudi kugharimia utafiti mwingine. Mgogoro ulizuka pale hataza hizo zilipokutana na watu waliokuwa na desturi nyingine kabisa ya kufanya kazi.

Desturi ya kushirikiana

Tarehe 25 Agosti mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, mwenye umri wa miaka 21, aliwaarifu wenzake kwa njia ya mtandao kuwa anatengeneza mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Aliueleza kuwa ni jambo la kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni ya GPL, iliyoandikwa na Mmarekani Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria. Leseni hiyo inampa kila mtu haki ya kuitumia programu, kuyasoma maandishi yake ya asili, kuyabadilisha na kuwagawia wengine, kwa sharti moja: anayegawa awape wenzake haki zile zile alizopewa yeye.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, kuisikia kompyuta yenye Linux ikitoa sauti lilikuwa jambo la kupigania. Watengenezaji wengi wa kadi za sauti waliandika programu kwa ajili ya Windows pekee. Mfini Hannu Savolainen ndiye aliyeipatia Linux njia yake ya kwanza ya kuzungumza na kadi hizo. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela wa Jamhuri ya Czech, ambaye hakuridhika na jinsi kadi ya aina ya Gravis Ultrasound ilivyofanya kazi, alianzisha mradi wa ALSA, ambao kufikia Desemba 2003 ulikuwa ndio njia rasmi ya sauti katika Linux. Nchini Sweden, Peter na Mikael Alm waliandika mwaka 1997 programu ya kuchezea muziki iliyokuja kuitwa XMMS, kwa sababu Winamp, iliyopendwa na wengi wakati huo, haikuwa na toleo la Linux.

Hivyo ndivyo jumuiya hiyo ilivyofanya kazi. Aliyekwama aliuliza, aliyejua alijibu, na aliyepata dawa aliiandika ili mwingine asiteseke. Mtu aliyekaa usiku kucha akihangaika na kadi yake ya sauti, asubuhi aliweza kumsaidia mgeni wa bara jingine ambaye hangekutana naye maisha yake yote.

Barua ya mwaka 1998

Septemba mwaka 1998 Taasisi ya Fraunhofer iliwaandikia barua waandishi wa programu za kutengeneza mafaili ya MP3, ikiwakumbusha kuwa kazi hiyo inahitaji leseni na ada. Kwa kampuni kubwa, hilo lilikuwa suala la kawaida la biashara. Kwa programu huria lilikuwa fumbo lisilofumbuka. Baadaye orodha ya ada ilitaja senti 75 za dola ya Marekani kwa kila nakala ya programu ya kusikilizia katika kompyuta. Ni fedha kidogo, lakini nani angezihesabu nakala hizo? Leseni ya GPL inamruhusu kila mtu kunakili na kugawa bila kumwarifu yeyote. Kitu kisichohesabika hakiwezi kulipiwa kwa hesabu.

Jumuiya ilijibu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya kukwepa. Programu ya LAME, iliyoanza mwaka huo huo wa 1998, ilikuja kuwa mojawapo ya programu bora za kutengeneza MP3, lakini waandishi wake walitoa maandishi ya asili peke yake, na kumwachia kila mtu aigeuze mwenyewe kuwa programu inayotumika. Jina lake lenyewe, likifafanuliwa, linakana kwamba ni programu ya kutengeneza MP3.

Njia ya pili ilikuwa kuchonga ufunguo mpya. Mmarekani Chris Montgomery alianza kutengeneza muundo mwingine wa kuibana sauti, ambao haungegusa hataza za mtu. Muundo huo uliitwa Vorbis, na chombo cha kuubebea kiliitwa Ogg. Toleo lake la 1.0 lilitoka Julai mwaka 2002 chini ya shirika la Xiph.Org, na mtu yeyote aliruhusiwa kulitumia bila kulipa chochote. Kwa wale waliotaka sauti kamili bila kutupa hata chembe, Josh Coalson aliwatengenezea FLAC, iliyotoka mwaka 2001, ambayo hupunguza ukubwa wa wimbo na kisha huurudisha kama ulivyokuwa katika CD.

Majina yaliyofungiwa

Si muziki pekee uliogombaniwa. CD za kawaida hazikubeba majina ya nyimbo zake, bali urefu wa kila wimbo. Mmarekani Ti Kan, mwandishi wa programu ya kuchezea CD iitwayo xmcd, alishirikiana na Steve Scherf kuanzisha hifadhi ya majina katika mtandao, ikaitwa CDDB. Kompyuta ilipopokea CD, iliutazama urefu wa nyimbo zake, ikaiuliza hifadhi kama inaitambua. Ikiwa haikutambuliwa, mwenye CD aliandika majina kwa mkono wake na kuyatuma, ili anayefuata asipate taabu hiyo.

Kwa mpenzi wa muziki usiojulikana sana Ulaya na Marekani, utaratibu huo ulikuwa na maana kubwa. CD ya taarabu ilipoingizwa katika kompyuta mjini London, jina la wimbo lilitokea tu ikiwa mtu mwingine mahali fulani alikuwa ameshaketi na kuliandika, herufi kwa herufi. Ilikuwa ni kazi ya ujima: kila mmoja alileta jiwe moja, na nyumba ikasimama.

Kisha nyumba ikauzwa. Mwaka 1998 CDDB ilinunuliwa na kampuni, mwaka 2000 ikapewa jina la Gracenote, na mwaka 2001 milango ikafungwa kwa programu zisizokuwa na leseni yake. Watu walioijaza hifadhi hiyo bila malipo walijikuta wakiombwa wakubali masharti mapya ili waisome kazi yao wenyewe. Mwaka 2008 kampuni ya Sony iliinunua Gracenote kwa takriban dola milioni 260.

Funzo hilo halikusahauliwa. Wengine walianzisha hifadhi ya freedb, iliyodumu hadi mwaka 2020. Robert Kaye alianzisha MusicBrainz, ambayo taarifa zake za msingi zimewekwa wazi kwa matumizi ya umma, na tangu mwaka 2004 imesimamiwa na taasisi isiyo ya kibiashara. Safari hii waliojenga waliandika kwanza hati ya nyumba, kabla ya kuweka jiwe la kwanza.

Kompyuta iliyonyamaza

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi yalichanganywa. Napster, iliyoanzishwa na kijana wa Kimarekani Shawn Fanning mwaka 1999, iliwawezesha mamilioni ya watu kubadilishana nyimbo bila kuwalipa wanamuziki, ikashtakiwa na kampuni za muziki na kufungwa mwaka 2001. Hilo lilikuwa suala la hakimiliki, na wanamuziki walikuwa na malalamiko ya haki. Suala la hataza lilikuwa jingine. Lilimgusa hata yule aliyenunua kila CD katika kabati lake, akazihamishia katika kompyuta yake mwenyewe, na hakumgawia mtu hata wimbo mmoja.

Mtu huyo alipata mshtuko Septemba mwaka 2002. Kampuni ya Red Hat ya Marekani ilitoa toleo la 8.0 la Linux yake likiwa limeondolewa uwezo wa kucheza MP3, kwa kuhofia hataza. Aliyeweka toleo hilo jipya aliukuta mkusanyiko wake ukiwa salama, faili kwa faili, lakini nyimbo zake hazikutoa sauti. Ilimbidi atafute kipande kilichokosekana kwa watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa katika nchi ambazo sheria zake hazikuzitambua hataza za programu. Ufaransa ilikuwa mojawapo. Huko ndiko wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris walikotengeneza programu ya VLC, iliyotolewa kuwa programu huria mwaka 2001 na ambayo hadi leo husifiwa kwa kucheza karibu kila aina ya faili.

Mwaka 2004 harakati hizo ziligusa Afrika kwa karibu. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mfumo wa Ubuntu, uliojengwa juu ya Linux, ukiwa na jina ambalo msemaji wa Kiswahili hulitambua mara moja, kwa kuwa lina shina moja na neno utu. Hadi mwaka 2011 CD za Ubuntu zilitumwa bure kwa posta kwa waliotaka, jambo lililowafaa sana watu wenye intaneti ya polepole. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na washauri kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Haukumwomba mtu ruhusa. Leseni ilikuwa imekwisha kuitoa.

Lakini hata Ubuntu, pamoja na jina lake la ukarimu, haikuja na uwezo wa kucheza MP3 tangu mwanzo. Mtumiaji alitakiwa auongeze mwenyewe. Baadhi ya watu waliuchukua mkusanyiko wao wote na kuugeuza kuwa Ogg, CD moja baada ya nyingine, jioni baada ya jioni. Wengine walichoka na kurudi Windows. Wengi waliishi na vyote viwili, na vichezeo vingi vya mfukoni havikuitambua Ogg kabisa. Uhuru ulikuwa na gharama yake, na si kila mtu alikuwa na muda wa kuilipa.

Urithi wake

Mwisho wa mgogoro haukuletwa na mahakama wala na ushindi wa upande wowote, bali na kalenda. Hataza hudumu kwa miaka ipatayo ishirini, na moja baada ya nyingine zilikwisha muda. Novemba mwaka 2016 Fedora, mfumo uliochukua nafasi ya ule wa Red Hat kwa watumiaji wa kawaida, ulianza tena kucheza MP3. Aprili iliyofuata, mpango wa leseni ukafungwa.

Je, kazi ya kuchonga ufunguo mpya ilikuwa bure? Matukio yanaonyesha vinginevyo. Huduma ya muziki ya Spotify ilipoanza nchini Sweden mwaka 2008, ilitumia Vorbis. Mwaka 2012 ulitangazwa muundo mpya, Opus, uliotokana na kazi ya Xiph.Org ikiunganishwa na ile ya Skype, nao pia ni huru kwa wote. Ujumbe wa sauti unaotumwa kwa WhatsApp husafiri katika muundo huo. Mama wa Mombasa anapomtumia mwanawe salamu mjini Muscat, sauti yake hubanwa kwa maarifa yaliyotokana na ubishi ule wa mwaka 1998, na hakuna anayetozwa ada kwa ajili ya muundo wenyewe. Na ikiwa simu ya mwana huyo ni ya Android, ndani yake kuna Linux.

Hata hivyo, swali la umiliki halikwisha, bali lilihama. Siku hizi wengi hawanunui nyimbo, bali hulipia kwa mwezi haki ya kuzisikiliza. Msikilizaji hupata mamilioni ya nyimbo ambazo hakuna kabati lingeweza kuzibeba. Lakini ada ikikoma, kabati huwa tupu, na wimbo ukiondolewa na mwenye huduma, hutoweka bila msikilizaji kuulizwa.

Kwa jamii zinazoishi mbali na kwao, jambo hilo lina uzito wa pekee. Rekodi nyingi za zamani za pwani hazimo katika huduma hizo. Zimo katika makasha ya viatu chini ya vitanda, katika kanda zinazoendelea kulegea mwaka hadi mwaka. Anayezihamishia kanda hizo katika kompyuta leo ana faida ambayo mtangulizi wake wa mwaka 2002 hakuwa nayo: FLAC, Vorbis, Opus na hata MP3 zote ni huru, na njia ya kuzisoma imeandikwa wazi mbele ya ulimwengu mzima. Kampuni yoyote ikifa, maandishi hayo yatabaki, na mtu wa kizazi kijacho ataweza kulifungua sanduku. Kinachohitajika ni mtu wa kuzitia nyimbo ndani yake, na kuandika majina ya waimbaji kabla wanaoyakumbuka hawajaondoka.